Eddie Jayamanne, mchekeshaji na mwimbaji wa filamu za Kisinhala: kipindi cha dakika 28, nikwepe makosa gani?

Mwandaaji28 (mwanzisha mada)

Wakuu, habarini za jioni.

Natayarisha kipindi cha redio, dakika 28 tupu ukiondoa matangazo, kuhusu Eddie Jayamanne wa Sri Lanka. Ni sehemu ya mfululizo wa wachekeshaji wa filamu wa nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi. Ninazo sahani mbili za santuri za 78 (mizunguko 78 kwa dakika), moja ina ufa wa nywele pembeni. Rasimu ya kwanza imeandikwa hivi: "Eddie Jayamanne, mfalme wa baila, alicheza filamu ya kwanza ya Sri Lanka mwaka 1947 akiwa mpenzi wa Rukmani Devi, mkewe."

Nahisi sentensi hiyo ina matundu ila sijui yako wapi hasa. Naomba wanaoijua sinema ya Kisinhala wanisaidie: mpangilio wa maisha na kazi yake, aina ya vichekesho vyake (sitaki kuishia kusema "alikuwa anachekesha sana"), namna ya kuzitoa sauti kwenye sahani bila kuziua, na matamshi ya majina. Mtangazaji wangu huyatamka yote kama majina ya Kibondei.

Nawasilisha.

---

PaziaJekundu

Mkuu, sentensi moja na ina makosa matatu. Tuanze nayo.

"Filamu ya kwanza ya Sri Lanka" sema hivi: filamu ya kwanza ya Kisinhala yenye sauti. Mwaka 1925 kulitengenezwa filamu bubu, Rajakeeya Wickremaya. Ndani yake alicheza N. M. Perera, ambaye baadaye akawa mwanasiasa mkubwa wa mrengo wa kushoto. Filamu hiyo iliungua kabla wananchi wenyewe hawajaiona. Kwa hiyo ukisema "ya kwanza" bila kuongeza "yenye sauti", kuna msikilizaji atakupigia simu, na atakuwa na haki. Jina la nchi pia: wakati ule ni Ceylon. Sri Lanka ni jina la tangu Mei 1972.

Filamu yenyewe ni Kadawunu Poronduwa, yaani "Ahadi Iliyovunjwa". Ilioneshwa mara ya kwanza Colombo tarehe 21 Januari 1947, mwaka mmoja na siku chache kabla ya uhuru (4 Februari 1948). Mtayarishaji alikuwa S. M. Nayagam, mfanyabiashara Mtamil, na mwongozaji alikuwa Mhindi, Jyotish Sinha. Ilipigwa Madurai, India ya Kusini, kwenye studio za Chitrakala, maana Ceylon haikuwa na studio hata moja ya sauti.

Mapenzi: Rukmani Devi alikuwa mkewe kweli nje ya filamu, lakini kwenye skrini Eddie hakuwa ndiye anayelia naye chini ya mwezi. Yeye ni mchekeshaji. Kazi ya kuliza watu ni ya wengine. La baila nawaachia wanaolijua.

Sasa nasaba ya kazi yake, maana hapo ndipo utapata kipindi chako. Eddie ni mtu wa Negombo, mji wa wavuvi kiasi cha kilomita 37 kaskazini ya Colombo. Kaka yake, B. A. W. Jayamanne, ndiye mwandishi, na kundi lao liliitwa Minerva. Kadawunu Poronduwa ilikuwa mchezo wa jukwaani wa Minerva kabla haijawa filamu, na waliopelekwa Madurai ni walewale wa jukwaani. Baada ya hapo tamthilia za kaka mtu zikaendelea kugeuzwa filamu, moja baada ya nyingine:

Kapati Arakshakaya, 1948 (Mlezi Mlaghai). Peralena Iranama, 1949 (Majaaliwa Yanayogeuka). Hadisi Vinischaya, 1950 (Uamuzi wa Haraka). Sengavunu Pilitura, 1951 (Jibu Lililofichwa). Umathu Wiswasaya, 1952 (Imani ya Kichaa).

Soma hayo majina mfululizo kwa sauti hewani. Msikilizaji atajua mwenyewe ni hadithi za aina gani: mirathi, barua iliyopotea, binti anayesingiziwa, tajiri mwenye roho mbaya. Huna haja ya kumsimulia hata moja.

Swali lako la aina ya vichekesho ndilo zuri kuliko yote. Jibu lake liko kwenye pazia.

Tamthilia ya muziki ya Kisinhala, nurti, ilizaliwa karne ya 19 mwishoni baada ya makampuni ya maigizo ya Waparsi wa Bombay kufika Colombo na harmoniamu, tabla na mandhari za kuchora. John de Silva na Charles Dias ndio majina makubwa, na ukumbi wao mkuu ni Tower Hall wa Maradana, uliofunguliwa Desemba 1911. Jukwaa la aina hii lina kina mara mbili. Nyuma kuna onyesho kubwa: kasri, bustani, ngazi. Mbele linashushwa pazia lililochorwa barabara au ukuta tu. Mafundi wanapobomoa kasri na kupanga msitu nyuma ya pazia, watazamaji hawawezi kukaa gizani dakika tano wakisikiliza nyundo. Basi mbele ya pazia wanatoka wachekeshaji: mtumishi, kijakazi, mlevi, dalali wa ndoa. Wanagombana, wanaimba wimbo mmoja, wanaondoka. Wakiondoka, pazia linapanda na msitu uko tayari.

Kwa hiyo kichekesho cha aina hii kina masharti ya kifundi. Kisitegemee kifaa chochote cha nyuma. Kisisogeze hadithi kuu, kwa sababu hakuna ajuaye kitachukua muda gani. Kiwe na ubeti unaoweza kurudiwa mara mbili au mara tano, kulingana na seremala. Na mtumishi awe na sauti ya kushinda nyundo.

Eddie na kizazi chake walirithi mtindo huo na kuupeleka mbele ya kamera, ambako hakuna seremala wa kusubiriwa. Filamu hukata tu kutoka sebuleni kwenda msituni kwa mpigo mmoja. Lakini mtindo ukabaki. Ndiyo maana ukitazama filamu za Minerva utaona hadithi ya machozi inasimama ghafla, mtumishi na kijakazi wanatoka, wanaimba, wanachapana maneno, halafu machozi yanaendelea pale yalipoachwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakosoaji wa miaka ya 1950 walizicheka filamu hizi kuwa ni jukwaa lililopigwa picha. Ni kweli, ila mimi naona walimwonea mchekeshaji. Ndani ya filamu nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa anajua kwa nini yuko pale.

---

Kayamba_na_Ngoma

Nichukue la baila, kwa kuwa linanikera kila nikiliona.

Usimwite Eddie mfalme wa baila. Nyimbo za filamu za Minerva ni za ukoo wa nurti na filamu za Kihindi: maneno ya Kisinhala juu ya lahani zilizokwisha kupendwa India. Wasikilizaji wa pwani yetu hawatashangaa, maana taarabu nayo imekopa lahani ngapi kutoka sinema za Kihindi? Kibwagizo kinabaki, maneno yanabadilishwa, na kila mtu ukumbini anajua asili.

Baila, muziki wa dansi wa Ceylon, ni mto mwingine. Jina ni la Kireno, kutoka neno la kucheza dansi. Mapigo yake ni ya 6/8, yaani unahesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita kwa kasi huku mguu ukikanyaga kwenye moja na nne. Asili yake ni muziki wa Waafrika na machotara wa Kireno wa kisiwa kile, kafirinya. Waafrika hao walipelekwa na Wareno, na baadaye Waholanzi na Waingereza, wengi wao wakitokea upande wa Msumbiji. Wajukuu wao wapo mpaka leo, kijiji cha Sirambiadiya karibu na Puttalam, na wana nyimbo zao wanazoziita manja: ubeti mfupi, kurudiarudia, taratibu kisha kasi inapanda hadi mtu anyanyuke. Hapa ndipo pwani yetu inapogusana kweli na muziki wa Ceylon. Ukiwa na dakika mbili za ziada kwenye kipindi, zitumie hapo kuliko kutafuta uhusiano wa kubuni kati ya Eddie na wachekeshaji wetu.

Aliyeitoa baila kwenye sherehe za nyumbani na kuipeleka redioni na kwenye santuri ni Wally Bastiansz, askari polisi kwa kazi. Kuna pia baila ya mashindano, wada baila: majaji wanatoa mada papo kwa papo, washindani wanapokezana kutunga beti za kujibizana juu ya mapigo yaleyale, na anayekwama kwenye kina ametoka. Mtu wa Pemba au Lamu ataielewa bila kufafanuliwa.

Nadhani kilichokuchanganya ni Freddie Silva. Yeye ndiye mchekeshaji wa filamu aliyeimba nyimbo za kuchekesha za mtindo wa baila, lakini ni kizazi cha baadaye kabisa, 1938 hadi 2001. Eddie na Freddie, herufi mbili tu. Makala nyingi za mtandaoni huwachanganya, na picha zao pia. Yupo pia Eddie Junior, mchekeshaji mwingine kabisa wa miaka ya 1950. Ukikuta jina "Eddie" peke yake kwenye orodha ya waigizaji, usiandike "Jayamanne" kabla hujahakikisha.

---

Mwandaaji28

Aisee. Picha niliyoiweka kwenye tangazo la kipindi ni ya Freddie Silva, nimeigundua sasa hivi. Naiondoa.

PaziaJekundu, swali moja la nyongeza: aliimba mwenyewe au kuna mtu alimwimbia nyuma ya pazia? Nataka kujua kama sauti ya kwenye sahani na sauti ya kwenye filamu ni ya mtu mmoja.

---

PaziaJekundu

Waigizaji wa Minerva waliimba wenyewe. Rukmani Devi alikuwa na sahani sokoni kabla hajawa nyota wa filamu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumtafutia koo la kukodi. Ni asili ya jukwaa tena: kwenye nurti asiyeweza kuimba hapewi nafasi.

Ila filamu ya pili ya Kisinhala, Asokamala, iliyotoka mwaka huohuo wa 1947, tayari ilikuwa na sauti ya Mohideen Baig, mwimbaji hasa. Utaratibu wa mwimbaji mmoja na mwigizaji mwingine ukashika. Wimbo unarekodiwa kwanza studioni. Siku ya kupiga picha unachezwa kwa spika kubwa mahali pa kazi, mwigizaji anafumbua mdomo akiufuata. Ikafika miaka ya 1960 na 1970 H. R. Jothipala peke yake akawa sauti ya waigizaji chungu nzima.

Kwa mchekeshaji hili lina gharama. Anayeimba mwenyewe mbele ya watu anaweza kuvuta neno, kukohoa makusudi, kumkatiza mwenzake, kusubiri kicheko kiishe. Anayefuata spika hawezi: wimbo hausubiri mtu. Akichelewa hata fremu mbili tatu, mtazamaji anaona mdomo na sauti havielewani, na kinachochekesha si kile alichokusudia. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo fremu tatu ni sehemu moja ya nane ya sekunde. Jicho linaona.

Sahani na filamu usizichukulie kuwa rekodi moja, hata kama mwimbaji ni yuleyule. Sahani ya inchi 10 inabeba dakika tatu na kidogo upande mmoja, basi. Wimbo wa filamu hauna kikomo hicho. Mara nyingi nyimbo ziliimbwa upya kwa ajili ya santuri, beti zikapunguzwa, vyombo vikabadilishwa. Ukipata wimbo wa sahani, sema "toleo la santuri".

---

FundiSindano

Nakuja kwenye sahani zako. Hizo za miaka ya 1930 na 1940 za eneo lile, nyingi ni za HMV, zilizochapwa kiwandani Dum Dum, Calcutta. Ni kampuni ileile iliyomrekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, kwa hiyo yote ninayosema hapa yanafaa pia kwa sahani za zamani za Kiswahili mlizo nazo maktaba.

Usafi kwanza, na hapa watu wengi huua sahani siku ya kwanza: usitumie spiriti, wala kimiminika chochote chenye alkoholi. Sahani hizi si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa mdudu, uliochanganywa na unga wa mawe, na shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Ukifuta mara moja utaona kitambaa kimekuwa cheusi, ukadhani ni uchafu unatoka. Ni nyimbo zinazotoka. Tumia maji yaliyochemshwa kwa mvuke (yale ya betri yasiyo na asidi), lita moja na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo. Kitambaa laini au brashi ya nywele laini, fuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati. Karatasi ya lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji matupu, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha iache isimame saa moja kivulini. Juani itapinda kama chapati.

Sindano: ya LP (santuri za plastiki zilizokuja baadaye) haifai. Ncha yake ni nyembamba mno, inazama mpaka chini ya mfereji ambako kuna uchafu na mikwaruzo tu, haigusi kuta zenye sauti. Tafuta sindano ya 78, ncha ya maikroni 65 hadi 75. Uzito gramu 3 hadi 5, chini ya hapo itarukaruka. Gramafoni ya kupiga kwa mkono iache iwe pambo: kichwa chake kinazidi gramu 100 na sindano ya chuma hula sahani kila inapopita. Ndiyo maana zile sindano zilikuwa za kubadilishwa kila upande.

Ufa wa nywele: geuza sahani uone ufa umepita upande wote wa pili au la. Ukiwa pembeni tu na sahani bado inalia kama sufuria ukiigonga taratibu kwa kucha, cheza. Ikitoa sauti ya kigae kilichopasuka, usiizungushe kwa kasi 78. Cheza kwa 33⅓ au 45 na urekebishe kwenye kompyuta baadaye: kutoka 45 ongeza kasi mara 1.73, kutoka 33⅓ mara 2.34. Kasi ya kawaida ya sahani hizi ni 78 hivi. Badilisha kasi pamoja na kimo cha sauti; ukichagua kubadilisha kasi peke yake na kuacha kimo, Eddie ataimba kama amelala.

Sasa kosa ambalo mafundi wa redio hulifanya kila siku. Kikuza sauti chochote cha kawaida cha santuri kina urekebishaji wa RIAA ndani yake, yaani mkunjo wa kushusha sauti za juu na kuinua besi, ulioenea katika miaka ya 1950, enzi za LP. Sahani yako imekatwa kabla ya hapo, bila kuongezewa zile sauti za juu ambazo RIAA huja kuzipunguza. Ukiipitisha kwenye RIAA, kwenye hezi 10,000 unapoteza karibu desibeli 14. Matokeo ni yale mnayoyasikia kwenye vipindi: mtu anaimba ndani ya mtungi, na watu husema "ndivyo zilivyokuwa zamani". Sivyo zilivyokuwa. Kwa mwimbaji wa mapenzi pengine utasamehewa, lakini kwa mchekeshaji umeua kazi yote, maana kichekesho cha maneno kimo kwenye konsonanti, zile t, k, s na ch, na hizo zote ziko juu. Rekodi moja kwa moja bila urekebishaji ukiweza. Ukishindwa, rekodi na RIAA kisha kwenye programu tumia mkunjo wa kinyume chake, halafu besi uiinue kuanzia hezi 250 kushuka chini.

Rekodi kwa chaneli mbili ingawa sahani ni ya sauti moja. Kila ukuta wa mfereji umechakaa tofauti. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, halafu zote zikiunganishwa. Mara nyingi kuunganisha kunapunguza mikwaruzo ya wima, lakini kuna wakati ukuta mmoja ni msafi kuliko jumla. Hifadhi nakala mbichi ya biti 24 kabla hujagusa chochote. Kuondoa mikwaruzo: nenda mmoja mmoja kwenye ile mikubwa, ukiona programu inafagia yenyewe simama, kwani mpigo wa tabla kwake nao ni mkwaruzo.

---

Bi_Irabu

Matamshi. Mwandaaji, mpe mtangazaji wako karatasi hii ukutani.

Jayamanne: mwisho wake hausomwi "e". Kwa Kisinhala ni Ja-ya-maan-na, "maan" ikivutwa na n mbili zikisikika. Hiyo "e" ni tahajia ya Kiingereza cha zamani.

Kadawunu: irabu ya kwanza haiko kwetu. Iko katikati ya a na e, midomo ikiwa imefunguka kwa upana. Asiyeiweza aseme "Kedawunu", itakuwa karibu zaidi kuliko "Kadawunu". V na W ni sauti moja, msihangaike nazo. Ndiyo maana mtaona Poronduva na Poronduwa.

Th kwenye Umathu si th ya "thelathini". Ni t ya meno, ulimi unagusa nyuma ya meno ya mbele. D ya Poronduwa vilevile.

Msisitizo: sisi tunaukandamiza mpigo wa mwisho-kasoro-mmoja kwa mazoea, ruk-MA-ni. Kisinhala kinaangalia urefu wa irabu. Rukmani ina "i" ndefu mwishoni: Ruk-ma-nii. Negombo wenyewe wanaiita Miigamuwa, na Colombo ni Kolamba. Kwa redio yetu Negombo na Colombo zinatosha.

Kitu kimoja kitamfurahisha: Kisinhala kina mb, nd na ng za pumzi moja kama zetu. Neno la mwezi ni handa, na hiyo "nd" ni ileile ya "ndizi", sauti moja isiyokatika. Wageni wengi hujifunza miezi kadhaa kuitoa. Mbondei wako anaipata asubuhi ya kwanza, kwa hiyo usimcheke sana.

---

PaziaJekundu

Nimalizie mambo mawili niliyoyaruka.

Mwaka 1960 kuna filamu iitwayo Kawata Andare, na Eddie ndiye Andare. Kwa msikilizaji wa Kiswahili hii ndiyo njia fupi ya kumwelewa. Andare ni mchekeshaji wa baraza la mfalme wa Kandy, mtu wa Dickwella kusini, na visa vyake vinasimuliwa kwa watoto kama sisi tunavyosimulia Abunuwasi. Kinachojulikana kuliko vyote: sukari imeanikwa kwenye mikeka uani mwa kasri. Andare anauliza ni nini, mfalme anamjibu ni mchanga. Andare anakwenda zake. Baadaye mwanawe anakuja mbio akilia, baba, mama amekufa! Andare anajitupa juu ya mkeka: kama mama yako amekufa, basi mchanga na utujae vinywani! Baba na mwana wanabugia sukari kwa mikono miwili huku wanaomboleza, na mfalme hawezi kuwazuia, kwani yeye ndiye aliyesema ni mchanga.

Andare hamshindi mfalme kwa nguvu wala kwa ujanja uliofichwa. Anamshika kwa neno lake mwenyewe. Mtumishi wa mbele ya pazia naye ni hivyohivyo: anatii amri ya bwana wake neno kwa neno mpaka amri inamgeukia bwana. Ukikisimulia kisa hiki (sekunde 50, nimepima), kisha ukaweka sahani, hutahitaji kueleza Eddie alikuwa mchekeshaji wa namna gani.

La pili ni Rukmani. Msimfanye nyongeza. Alizaliwa Daisy Daniels, Mtamil Mkristo, akawa sauti inayopendwa kuliko zote ya Kisinhala. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 28 Oktoba 1978 huko Thudella, karibu na Ja-Ela, akirudi kutoka onyesho la Matara. Eddie aliishi miaka michache tu baada yake. Usiwaoneshe wote wawili wakiwa kwenye kilele mpaka mwisho: baada ya mwaka 1956, mwongozaji Lester James Peries alipotoa filamu ya Rekava iliyopigwa nje kijijini badala ya studio, mtindo wa Minerva ulianza kuonekana mkongwe.

---

FundiSindano

Kama utatafuta vipande vya filamu zenyewe, tegemea nakala za video zilizochakaa. Filamu za kabla ya 1951 hivi, nyingi duniani, zilikuwa kwenye mkanda wa naitreti. Huwaka hata ukiunyima hewa, na kwenye joto na unyevu hunata, hutoa povu, mwishowe ni vumbi la kahawia. Juu ya hilo, machafuko ya Julai 1983 yaliunguza studio ya Vijaya huko Hendala pamoja na negativu za filamu za zamani. Ukipata kipande ambacho sauti inatangulia picha kwa karibu sekunde nzima, usidhani Eddie alikosea. Kwenye mkanda wa mm 35 sauti imechapwa fremu 20 hivi mbele ya picha yake. Aliyenakili hakuvuta kitanzi sawasawa. Chelewesha sauti fremu 20, sikiliza, halafu rekebisha fremu moja moja mpaka mlango unaobamizwa ulie pale unapogonga fremu yake. Usitumie mdomo kupimia. Tumia mlango, au kofi. Kwenye filamu za Minerva makofi hayakosekani.

---

Kayamba_na_Ngoma

Na haki usizisahau. Sheria ya Mali ya Ubunifu ya Sri Lanka, Na. 36 ya 2003, inamlinda mtunzi maisha yake na miaka 70 baadaye. Rekodi ya santuri na maneno ya wimbo ni haki mbili tofauti: ya kwanza inaweza kuwa imekwisha huku ya pili bado ipo. Andika barua mapema, taja upande wa sahani na namba iliyochongwa kwenye shelaki karibu na lebo, si ile ya lebo peke yake.

---

Mwandaaji28

Wakuu, shukrani. Sentensi mpya: "Eddie Jayamanne wa Negombo, mchekeshaji wa kundi la Minerva, alitoka mbele ya pazia na kuingia kwenye filamu ya kwanza ya Kisinhala yenye sauti, Januari 1947." Nafungua na kisa cha sukari, halafu sahani isiyo na ufa.

Ile yenye ufa nimeigonga kwa kucha. Imelia kigae. Kesho naicheza kwa 33⅓.

---

FundiSindano

Kabla ya hapo bandika utepe mwembamba wa karatasi pembeni, juu ya ufa, nje ya mfereji wa kwanza. Anzia wimbo ndani kidogo. Na uirekodi mara ya kwanza ukiwa tayari, maana huenda isikubali ya pili.